Aliyefika Zahanati Kabla ya Kuumia

Mimi ni mtu wa kanuni, na sioni haya kusema. Wengine wanapenda mpira, wengine tamthilia. Mimi nikipewa kijitabu cha masharti, kiwe cha bima au cha mashine ya kufulia, nakisoma mpaka ukurasa wa mwisho, na yale maandishi madogo ya chini ndiyo matamu zaidi. Ugonjwa huu nilirithi kwa marehemu baba, mkulima wa kahawa kule Mbozi. Chama cha ushirika kikileta karatasi ya kutia saini, wenzake wote walisaini wakiwa wamesimama. Yeye alivuta kiti, akakaa, akasoma, na watu wakamnung'unikia mpaka akamaliza. Ofisini kwetu Tunduma, ambako tunashughulikia forodha ya mizigo inayovuka kwenda Zambia, walinibandika jina la mama fomu. Walidhani nitakasirika, kumbe nilivimba kichwa.

Kwa hiyo kampuni ilipojiunga na mpango wa afya na ulemavu kazini, unaoendeshwa na shirika moja lenye ofisi Dar es Salaam, kijitabu cha kanuni za madai kilitua mezani kwangu na hakikuondoka tena. Nilikisoma nikinywa chai, nikakirudia Jumapili baada ya ibada. Kilisema shirika likikataa dai, ni lazima liandike sababu na kutaja kanuni lililoitumia, siyo kukutupia neno moja ukaenda kulia nalo nyumbani. Kilisema mdai ana haki ya kuoneshwa kila karatasi iliyotumika kumkatalia. Na kulikuwa na kifungu nilichokipigia mstari mwekundu mara mbili: rufaa isisikilizwe na yule yule aliyekataa mwanzo, na kama inahusu matibabu yasiyoweza kusubiri, inaweza kuletwa hata kwa simu, na jibu litoke ndani ya siku tatu. Niliwasomea wenzangu kifungu hicho kwa sauti. Mmoja akaniuliza kama mume wangu anajua ninavyokipenda kijitabu kile.

Basi wacha niwaambie kilivyokuja kutumika.

Yadini tulikuwa na mzee mmoja, Mnamwanga wa Momba, kazi yake kukagua mizigo na kuhakiki sili za makontena kabla malori hayajavuka. Alikuwa na umri wa kunizaa. Nilimwita baba, naye aliniita mwanangu. Kanisani alipiga tarumbeta, na mtu asiyevijua vikundi vya tarumbeta vya Wamoravian hataelewa hilo lina uzito gani huku kwetu. Hao ndio wanaotuamsha alfajiri ya Pasaka, na hao hao ndio wanaotusindikiza makaburini. Tarumbeta inabonyezwa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, cha shahada, cha kati na cha pete. Ubavu wa chuma wa tela ulipofyatuka ukaanguka, ulivikuta vidole hivyo hivyo.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa ofisi za forodha nikigombana na mtu kuhusu mhuri, na niliporudi nilikuta damu kwenye kokoto na watu wakiongea wote kwa pamoja. Mlinzi wa geti alikuwa ameandika kwenye daftari lake: ajali, saa nne na dakika hamsini asubuhi. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara yote ya kwenda hospitali yetu, kwa hiyo walimpakia mzee kwenye bodaboda, dereva akapenya vichochoroni akavuka naye upande wa Zambia, hadi zahanati moja ya Nakonde. Hakuna aliyeshangaa. Kwa mtu wa Tunduma kuvuka kwenda Nakonde ni sawa na kwenda mtaa wa pili. Nusu yetu tuna shangazi kule na nusu nyingine wana madeni. Wakamsafisha, wakamfunga, wakampa kadi, akarudi.

Kesho yake tulimpeleka hospitali ya rufaa Mbeya. Daktari alisema mifupa itaunga yenyewe, tatizo ni kano, zile kamba zinazokunja vidole. Zimekatika, na zinahitaji kuungwa na bingwa kabla ya wiki tatu kwisha. Wiki hizo zikipita, kano zitakuwa zimejikunja na kukauka, na vidole vitabaki vimenyooka maisha yake yote. Bingwa mwenyewe alikuwa na nafasi moja tu, Ijumaa ya wiki ya tatu. Mpango wetu ungelipia upasuaji endapo dai lingekubaliwa. Lisipokubaliwa, hakukuwa na njia nyingine, na mzee alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Nilijaza fomu siku hiyo hiyo, kwa mwandiko wangu wa sherehe. Ilipofika kwenye saini, mzee aliinua ule mkono uliofungwa kitambaa cheupe mpaka kwenye kiwiko, akanitazama. Nikachukua kidau cha wino, nikamshika mkono wa kushoto, nikamwekesha dole gumba. Aliitazama ile alama ya bluu kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesoma. Sijawahi kuweka dole gumba mahali popote."

"Ni kwa leo tu, baba."

Nikaambatanisha ukurasa wa daftari la mlinzi na kadi ya zahanati, nikatuma, nikajipongeza kwa soda. Siku saba za kutoa taarifa, na mimi nilikuwa nimetumia mbili! Nilitembea siku hizo kama mtu aliyejenga daraja.

Jibu lilikuja Jumatatu ya wiki ya tatu, mchana. Walikuwa wamekataa.

Niseme aibu yangu: kabla ya kuhuzunika, niliisifu barua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ilikuwa imeandikwa kama kanuni inavyotaka. Ilitaja kifungu. Ilitoa sababu. Mwajiri anasema ajali ilitokea saa nne na dakika hamsini asubuhi, ilisema, lakini kadi ya zahanati inaonesha mgonjwa alipokelewa saa nne na robo. Mtu hawezi kupokelewa zahanati zaidi ya nusu saa kabla hajaumia. Kwa hiyo jeraha hili halikutokea kazini.

Nilisoma mara tatu. Kwanza nilidhani kosa ni langu, nimekosea kugeuza saa zetu za Kiswahili kuwa za kizungu kwenye fomu. Lakini kosa la namna hiyo ni la saa sita, si la dakika thelathini na tano. Nikafungua nakala ya kadi ya zahanati. 10:15, kwa kalamu nyeusi, safi kabisa. Nikafungua daftari la mlinzi. Saa 4:50, kwa mwandiko wake wa kulalia ubavu. Hakukuwa na pa kujificha.

Bosi wetu alichungulia juu ya bega langu, akacheka kwa pua. "Huyo alikuwa kwa mkewe," akasema.

Hapo ndipo damu iliponipanda. Mke wa mzee alikuwa na duka Nakonde, akiuza mchele wa Kamsamba, na sote tulijua mzee alikuwa na tabia ya kuchomoka saa za chai kwenda kumsaidia kubeba viroba. Mimi mwenyewe nilishawahi kumfichia. Sasa picha yote ikajichora kichwani mwangu: ameumia kule dukani, wakampeleka zahanati ya kule kule, kisha akarudi akapanga na mlinzi waandike ni tela. Na mimi, mama fomu, mtoto wa yule mzee asiyesaini asichosoma, nimeupiga mhuri uongo huo kwa mikono yangu miwili. Kwa hasira nikasahau hata damu niliyoiona kwenye kokoto na wenzangu waliompakia.

Asubuhi ya Jumanne sikwenda ofisini. Nilichukua bodaboda moja kwa moja hadi nyumbani kwao. Mzee alikuwa sebuleni, mkono umelazwa juu ya mto kama mtoto mchanga, na mkewe alikuwa amesimama akijifunga kitenge, tayari kutoka. Walinikaribisha kwa heshima zote. Sikuketi.

"Baba, kwa nini umenidanganya?"

Nikamsomea barua. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu bado yananichoma. Nilimwambia kwamba watu wa aina yake ndio wanaofanya wenye haki wakose haki zao. Mke wake alishika mdomo. Mzee hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi sikuangalia saa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naangalia damu."

"Saa mlinzi aliangalia! Na nesi aliangalia!" Nikatoa simu yangu nimwoneshe nakala, na macho yangu yakapita kwenye ukuta nyuma yake. Simu yangu ilisema saa tatu na nusu. Saa ya ukutani, yenye picha ya maua, ilisema saa mbili na nusu, na mshale wake mwembamba ulikuwa unakimbia vizuri tu. "Nyumba hii kila kitu kinadanganya," nikasema, "hata saa!"

Mama akageuka akaitazama, kisha akanitazama mimi kwa mshangao wa kweli.

"Hiyo haidanganyi, mama. Hiyo ni ya Nakonde. Mimi si nafungua duka kwa saa ya kule? Wako nyuma yetu saa nzima, umesahau?"

Jamani.

Nilizaliwa mkoa huu. Nimefanya kazi mpakani tangu nilipomaliza chuo. Kila siku namwambia dereva wa Zambia tukutane saa nane na yeye anauliza saa nane yenu au yetu. Simu zetu zikinasa minara ya upande wa pili zinarudi nyuma saa moja zenyewe, tunazitukana na kuendelea. Tumezoea kiasi kwamba hatufikiri tena, kama unavyoinama kwenye mlango mfupi wa kwenu bila kuuangalia. Ndiyo maana mlinzi hakufikiri, nesi hakufikiri, na mimi nisomaye maandishi madogo ya chini nikazipeleka zile karatasi mbili Dar es Salaam zikiwa zimeshikana mikono.

Saa nne na robo ya Nakonde ni saa tano na robo ya kwetu. Saa nne na dakika hamsini ameumia, saa tano na robo amepokelewa. Dakika ishirini na tano, kwa bodaboda, kwa vichochoro, na foleni ile! Nilipiga yowe mpaka kuku walitawanyika uani. Nilimkumbatia mama wa watu, kitenge kikafunguka, tukakifunga tena wote wawili huku tukicheka.

Kisha nikamwona mzee. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananingoja.

Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, nikapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, kama tulivyofundishwa kuwaheshimu wakubwa zetu. "Nisamehe, baba. Nimekuvunjia heshima nyumbani kwako."

"Inuka, mwanangu," akasema. "Piga simu kwanza. Kusameheana tutafanya Jumamosi."

Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi, na nilipomtajia namba ya dai akasema analifahamu vizuri, yeye ndiye aliyelichambua. "Basi kaka yangu," nikasema, "nakupenda, lakini wewe siyo wa kuniambia kitu. Kanuni yenu inasema rufaa isisikilizwe na aliyekataa. Na hii ni ya dharura, na naileta kwa simu, sasa hivi, andika muda." Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha, kwa haki yake, akasema nisubiri, akaniunganisha na mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Nikamweleza kwa pumzi moja.

"Ngoja, ngoja," yule mama akasema. "Unataka kuniambia mtu anatoka kwenu saa tano, anavuka barabara, anafika saa nne?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla hajaondoka?"

"Kila siku, mama. Hapa kwetu hata mbuzi wanafanya hivyo."

Alicheka, nikajua nimempata. Lakini alikuwa mtu wa kanuni kama mimi, na kicheko hakikumlainisha. Alisema hawezi kubadilisha uamuzi kwa maneno ya simu pekee. Anataka barua ya zahanati, yenye mhuri, ikithibitisha saa yao ni ipi, na maelezo ya dereva wa bodaboda, na viwe mezani kwake kabla ofisi haijafungwa siku hiyo ili jopo liketi kesho yake. Niliheshimu sana. Ningekuwa mimi ningedai hivyo hivyo.

Dereva alipatikana kijiweni, akaandika maelezo yake juu ya tangi la pikipiki, kisha akanipakia tuvuke. Njiani palikuwa pamefungana. Lori moja lilikuwa limekwama mlalo na madereva wanafokeana kwa lugha nne. Tulipofika zahanati, saa yangu ilisema saa saba na dakika tano. Nikakata tamaa. Mganga mkuu wao, niliwahi kuambiwa, hutoka kula saa saba kamili na kurudi anapotaka. Nilisimama mlangoni karibu nilie.

Nesi mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mulishani, mama? Mbona huingii?"

"Mkuu si ametoka kula?"

"Kula? Saa sita hii!"

Ile ile saa iliyotunyima ndiyo iliyotupa. Niliingia mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Mganga mkuu alikuwepo, miwani puani, na nilipomweleza ninachotaka alidhani ninamtania. "Niandike barua kusema Zambia ni Zambia?" akauliza. "Kuna mtu hajui?" Nikamwambia wapo, na ni watu wazuri tu, ila wanakaa mbali. Akaandika, mistari minne, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Nikamshukuru kwa lugha yao, natotela, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikapiga picha barua pale pale, nikavuka, nikatuma vyote nikiwa nimesimama kando ya mchoma mahindi, na yule mama wa Dar akajibu kwa neno moja: zimefika.

Jumatano sikuweza kufanya kazi yoyote. Niliharibu fomu mbili za forodha, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wenzangu waliacha kunitania, wakaniletea chai. Mzee hakupiga simu kuuliza. Baadaye mkewe aliniambia kwamba siku nzima alikaa na tarumbeta mapajani, akiibonyeza kwa mkono wa kushoto, bila kupuliza.

Alhamisi saa nne asubuhi, ya kwetu, barua ikaingia. Uamuzi wa mwanzo umetenguliwa. Ajali imetokea kazini. Upasuaji umeidhinishwa. Nilitoka nje nikikimbia, nikapita yadi nzima nikipiga vigelegele katikati ya malori, na madereva wasionijua kabisa wakanipigia honi. Bosi alitoka kuona kuna nini. Nilimpa barua aisome mwenyewe, neno kwa neno, na nilisimama mbele yake mpaka alipoimaliza. Jioni hiyo mzee alikuwa kwenye gari kwenda Mbeya. Ijumaa akaunganishwa kano zake.

Jumamosi nilikwenda hospitali kusameheana kama alivyosema. Nilimkuta amelala, mkono umening'inizwa, na mkewe akanambia amesema nisiondoke kabla hajaamka. Nikangoja. Alipoamka alinisamehe kwa maneno machache, kisha akanisimanga kwa maneno mengi, na nilistahili yote.

Miezi ikapita ya kukunja na kukunjua, mpira mdogo kiganjani, maji ya uvuguvugu, mkewe akimhesabia. Kidole cha pete hakikurudi chote. Hivi sasa anapiga sauti ya tatu, nyimbo za taratibu, na mwalimu wao wa tarumbeta ni mvumilivu.

Asubuhi aliyorudi kazini alikuja mezani kwangu kwanza. Kuna fomu ya kurejea kazini, ya kufunga dai. Niliijaza kila mahali, nikafika kwenye saini, na kwa mazoea tu mkono wangu ukaenda kwenye droo, ukatoa kidau cha wino.

"Rudisha hiyo, mwanangu," akasema.

Akachukua kalamu kwa mkono wa kulia. Aliishika vibaya, kidole cha pete kimesimama pembeni, na akaanza. Ofisi ilikuwa na wateja wamesimama foleni, na hakuna aliyemharakisha. Aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, kubwa, zimepinda. Chini ya saini palikuwa na kisanduku cha muda. Akaitazama saa ya ofisini, kisha akaniinulia macho, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Niandike ya wapi?"

"Ya kwetu, baba," nikasema, na hapo nikalia mbele ya wateja wote.